Ubao Uliofichwa Ndani ya Faiba

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Methali hiyo ilikusudiwa wanadamu, lakini sioni mahali inapokaa vizuri zaidi kuliko ndani ya boti ya faiba iliyozeeka. Nje inang'aa, rangi yake haina ufa, na mwenyewe hujigamba kwamba faiba haiozi. Kweli, faiba haiozi. Kiozacho ni ubao uliofunikwa na faiba hiyo: mihimili ya chini, kiini cha sitaha na ubao wa nyuma unaobeba mashine. Na huo ndio uti wa mgongo wa chombo.

Nimelitafakari sana jambo hili, na kila nikirudi nyuma katika historia naona kwamba si geni. Mwanadamu amejifunza mara nyingi namna ya kuzuia kuoza kwa mbao za vyombo, na mara nyingi vilevile amesahau.

Mwaka 1677 Bunge la Uingereza lilikubali kutoa fedha za kujenga manowari mpya 30. Samuel Pepys aliporejea katika uongozi wa jeshi la majini mwaka 1684, alizikuta nyingi zimeanza kuoza bandarini kabla hazijafanya kazi ya maana. Ndani ya ngama aliona uyoga umeota, mkubwa kama ngumi zake. Wajenzi walitupiana lawama juu ya mbao, lakini Pepys aliona jambo jingine: ngama hazikusafishwa, wala hazikufunguliwa kupitisha hewa. Zaidi ya miaka 100 baadaye somo hilo lilikuwa halijaingia. Manowari Queen Charlotte ilishushwa majini mwaka 1810, na baada ya muda mfupi tu ilionekana imeoza kiasi cha kuhitaji kujengwa upya kwa sehemu kubwa.

Hebu tuilinganishe na Trincomalee, iliyoundwa Bombay mwaka 1817 na mafundi wa ukoo wa Wadia kwa mbao za msaji. Chombo hicho bado kinaelea hadi leo huko Hartlepool, Uingereza. Sisi wa upande huu wa bahari hatuna haja ya kushangaa. Seyyid Said wa Muscat na Zanzibar alikuwa na manowari yake, Liverpool, iliyoundwa Bombay vilevile mwaka 1826, naye akamtunukia mfalme wa Uingereza mwaka 1836. Msaji una mafuta yake ya asili ambayo kuvu hawayapendi. Lakini si kila mtu anao msaji, na ndiyo maana elimu ya kuzuia kuoza ikahitajika.

Sababu yenyewe ilichelewa kujulikana. Wengi waliamini kwamba ubao huoza kwanza, kisha kuvu huota juu ya uozo. Katika miaka ya 1870, Mjerumani Robert Hartig alionyesha kwamba ni kinyume chake: kuvu ndiye anayeula ubao. Naye, kama kiumbe chochote, ana mahitaji yake: chakula, joto la wastani, hewa na maji. Ubao wenye unyevu chini ya asilimia 20 hamwezi. Na ubao uliozama kabisa, usiopata hewa, hamwezi vilevile. Meli ya Vasa ilizama Stockholm mwaka 1628, ikatolewa mwaka 1961 ikiwa karibu nzima, kwani maji yale hayakuwa na wadudu watoboao mbao, na kuvu hakupata hewa ya kutosha. Kwa hiyo mahali pa hatari ni katikati: penye unyevu kiasi, hewa kiasi, na maji yasiyo na chumvi.

Hapo ndipo hekima ya mabaharia wa kale inaponikaa moyoni. Mafundi wetu wa majahazi walipaka sifa, yale mafuta ya papa yenye harufu kali, kwenye mbao zilizo juu ya maji, na chini wakapaka deheni ya shahamu na chokaa. Huko Marekani, katika karne ya 19, wajenzi walijaza chumvi katikati ya mataruma ya meli. Watu hawa hawakumwona kuvu kwa darubini, lakini walijua kwamba maji ya mvua yanayodondoka kutoka juu huozesha chombo kuliko bahari inayokizunguka.

Kisha ikaja faiba. Ray Greene wa Ohio alitengeneza mashua ndogo kwa nyuzi za kioo na resini mwaka 1942. Mwaka 1959, katika maonyesho ya boti ya New York, binamu wawili wa ukoo wa Pearson walionyesha Triton, mashua ya tanga iliyochorwa na Carl Alberg. Zilijengwa zaidi ya 700, na watu wakaamini kwamba zama za kuoza zimekwisha. Lakini faiba peke yake hunepa, na kuinenepesha mpaka ikaze ni gharama na uzito. Basi wajenzi wakaweka mbao ndani: balsa katika sitaha, plaiwudi nyuma na katika mihimili. Walimfukuza adui mlangoni wakamwachia dirisha. Kila tundu la skrubu lililotobolewa bila kuzibwa kwa ndani likawa njia ya mvua. Maji yakaingia, yasiweze kutoka. Ubao ukapata kila alichokitaka kuvu, na juu yake ukapata kifuniko ili mwenye chombo asione.

Ndiyo maana fundi anayeijua kazi hugonga kwanza kwa nyundo ndogo. Ubao mzima hulia, uliooza hunyamaza. Akishapajua, hukata ngozi ya faiba ya ndani na kuondoa ubao kupita pale jicho linapoona uozo, maana nyuzi za kuvu hutangulia mbele. Kisha husubiri. Hatua hii ndiyo wenye haraka huiruka: kufunika unyevu ni kuufungia adui ndani pamoja na chakula chake. Ubao mpya hupakwa epoksi pande zote, hasa ncha zilizokatwa, kwa kuwa mirija ya mti hunywea huko. Resini ya kawaida ya poliesta haishiki ubao vizuri. Ndugu wa Gougeon wa Michigan ndio walioeneza matumizi ya epoksi kwa kazi hii katika miaka ya 1970. Tundu la bolti hutobolewa pana, hujazwa epoksi mpaka ikauke, kisha hutobolewa tena jembamba katikati, ili chuma kisiguse ubao. Mwisho, maji ya ngama huachiwa njia, na hewa huachiwa njia.

Wapo wanaosema heri kuacha ubao upumue, na wapo wanaosema uzibwe kabisa. Nionavyo mimi, historia haipingi kundi lolote kati ya hayo mawili. Jahazi lilipumua, likadumu. Ubao ulioviringishiwa epoksi sawasawa umefungwa, nao unadumu. Inachokataa historia ni nusu: nusu kufunga, nusu kuacha wazi.

Haya si mambo ya wapenda historia tu. Boti za mtumba hupita mikono mingi, na kabla ya kuuzwa hupakwa rangi mpya. Mvuvi anayetoa akiba yake yote, au abiria anayepanda na mtoto mgongoni, hawezi kuona kwamba ubao unaobeba mashine umekuwa kama mkate uliolowa. Siku mawimbi yatakapokaza na mashine ikang'oka na sehemu ya nyuma ya chombo, hapatakuwa na fundi wa kuitwa. Mbao za Pepys angalau ziliotesha uyoga ulioonekana na kila aliyeshuka ngamani. Faiba imetunyima hata onyo hilo, ikatuachia wajibu mkubwa zaidi: kugonga, kusikiliza, na kumwambia mnunuzi ukweli wa tulichokisikia.