Judo: Mapigano ya Vita Yaliyogeuzwa Mchezo

Kwa samurai, yaani mashujaa wa kale wa Japani, kupigana bila silaha kulikuwa hatua ya mwisho ya vita, pale mtu aliyepokonywa mkuki au upanga alipokumbatiana na adui aliyevaa deraya. Na kwa kuwa ngumi haifui dafu mbele ya vazi la chuma, maarifa yaliyothaminiwa ni kumbwaga mtu chini, kumkandamiza na kumchoma jambia penye upenyo. Maarifa hayo yaliitwa jujutsu.

Amri ya mwaka 1876 iliyowakataza samurai kubeba panga hadharani ilikuja wakati walimu wa jujutsu wakizidi kukosa wanafunzi. Msomi Kano Jigoro ndiye aliyeiokoa elimu hiyo alipofungua chuo cha Kodokan katika hekalu moja mjini Tokyo mwaka 1882, akiwa na miaka 21. Judo, kama alivyoiita, ilihifadhi ngumi na mateke katika kata, yaani mazoezi ambayo kila hatua yake imepangwa, lakini ikayaondoa katika randori, yaani pambano huru la wanafunzi wawili wanaoangushana, kubanana na kukabana. Wapo wanaodai kwamba hivyo Kano aliidhoofisha jujutsu. Dai hilo si la haki, kwani mbinu inayovunja mifupa haiwezi kujaribiwa kwa nguvu zote juu ya mwenzako, ilhali mwanafunzi wa randori hupambana kila siku na mtu anayempinga kwa dhati, na humo ndimo anamopata wepesi wa kuamua ambao kata peke yake haimpi.

William Fairbairn, ofisa wa polisi wa Shanghai aliyesomea judo, alishika njia ya kinyume alipowafunza makomando wa Uingereza katika Vita Kuu ya Pili: alitupilia mbali sheria zote za michezo, akabakiza mapigo machache ya kiganja, kiwiko na goti, kwa kuwa askari hakuwa na miaka ya kujifunza, na kugaagaa chini na adui mmoja kulimwacha wazi kwa mwingine.

Judo iliingia Olimpiki mwaka 1964 huko Tokyo, ambako Mholanzi Anton Geesink aliwaliza wenyeji kwa kumshinda Kaminaga Akio. Tangu hapo sheria za mashindano zimezidi kuibana, hata leo mchezaji aliyesimama haruhusiwi kumshika mpinzani miguu. Anayejifunza judo kwa nia ya kujilinda, basi, na amwombe mwalimu wake ile kata ya mwaka 1956 iitwayo Goshin Jutsu, ambayo Kodokan iliitunga kwa ajili ya kumkabili mwenye fimbo, kisu au bastola.