Meza ya Watu Mia na Arobaini

Yaya wangu (kwetu Fizi yaya ni dada mkubwa, Watanzania msicheke) alihamishiwa Marekani na watoto wake, mji wa Louisville, jimbo la Kentucky. Kila Alhamisi ya nne ya mwezi wa 11 anatupigia simu ya video. Kule ni saa tisa mchana. Huku Nyarugusu ni saa tano usiku, mvua inapiga bati. Wao wamemaliza mavuno, kwetu ndiyo kwanza watu wanapanda.

Mwaka jana alituonyesha meza nzima: bata mzinga, sombe, bugali, wali, samaki, soda za watoto. Watu walizidi ishirini, kuanzia kichanga mgongoni hadi mzee mmoja wa Uvira mwenye blanketi miguuni. Mama alitazama weee, halafu akauliza, "Sasa hapo mwenye nyumba ni nani?"

"Ni mimi, mama."

"Hapana. Mwenye nyumba wa hiyo sikukuu."

Yaya akacheka. Mimi swali lile halikunitoka. Watoto wake wamefundishwa shule kwamba Waingereza walifika kwa meli, wakavuna, wakamshukuru Mungu, wakawaita wenyeji kula. Basi. Nikaanza kusoma.

Habari ya karamu yenyewe imo katika barua ya Mwingereza mmoja, Edward Winslow, ya tarehe 11 Desemba 1621. Ni mistari michache tu. Meli yao, Mayflower, ilikuwa imeleta abiria 102 mwishoni mwa 1620, na kufika mavuno ya kwanza karibu nusu yao walikuwa wamekufa. Winslow anasema walituma watu wanne kuwinda ndege, kisha akaja Massasoit, mkuu wa Wawampanoag, na wanaume kama 90, wakala pamoja siku tatu. Bata mzinga hatajwi. Kwamba wageni walialikwa, nako hakutajwi. Kilichotajwa ni kwamba hao wageni walienda wakaua paa watano wakawaletea wenyeji wao.

Wenyeji! Unaona Kiswahili kinavyonikwamisha hapo. Aliyefika jana ndiye mwenyeji, na aliyezaliwa pale ndiye mgeni, tena mgeni anayekuja na nyama yake mwenyewe. Na upande wa Waingereza, wake za watu waliobaki hai walikuwa wanne. Kina mama waliowahi kupika msiba hapa kambini watanielewa: watu kama 140, siku tatu, wanawake wanne na wasichana wachache. Bila wale paa watano sijui kama tungekuwa na sikukuu ya kuzungumzia.

Jina la sikukuu lilikuja baadaye sana. Mwaka 1841 mchapishaji wa barua hiyo, Alexander Young, ndiye aliyeiita karamu ile Shukrani ya kwanza. Mhariri mmoja wa gazeti la wanawake, Sarah Josepha Hale, aliandikia wakubwa kwa miaka mingi akiomba siku moja ya taifa zima, na mwaka 1863, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwaka, Rais Lincoln akaitangaza. Mwaka 1939 Roosevelt akaiwahisha kwa wiki moja ili wenye maduka wauze zaidi, watu wakagombana. Sheria ya 1941 ikaiweka Alhamisi ya nne.

Lakini mtu aliyenishika ni mwingine, kwa sababu kazi yangu ni ukalimani. Nakaa kati ya mzee anayelia na afisa anayeandika. Huenda karamuni palikuwa na mkalimani kama mimi, hata kama barua haimtaji.

Aliitwa Tisquantum. Alizaliwa Patuxet, kijiji cha Wawampanoag kando ya bahari. Mwaka 1614 nahodha Mwingereza, Thomas Hunt, alimteka pamoja na wenzake, akawapeleka Hispania kuwauza. Tisquantum akaponyoka, akafika London, akajifunza Kiingereza. Mwaka 1619 akarudi kwao. Hakukuta mtu. Ugonjwa ulioletwa na wageni ulikuwa umepita miaka ya 1616 hadi 1619, na Patuxet nzima ilikuwa imekufa. Mashamba yapo, watu hakuna.

Mwaka uliofuata Waingereza wakajenga mji wao, Plymouth, juu ya Patuxet hiyohiyo. Naye akakaa nao. Aliwaonyesha namna ya kupanda mahindi kwa kufukia samaki kama mbolea, akawasemea kwa Massasoit. Kwa hiyo mwaka 1621, kama ukiniuliza mimi, mwenye nyumba wa sikukuu alikuwa yeye: mavuno yalitoka katika udongo wa mama zake. Mwezi wa 11 wa 1622 akafa kwa homa.

Mapatano ya Massasoit hayakudumu. Mtoto wake Metacom alipigana na Waingereza kuanzia 1675. Mwaka 1676 akauawa, na kichwa chake kikatundikwa Plymouth miaka mingi. Tangu 1970 wenyeji wa Marekani hukusanyika pale Plymouth siku hiyohiyo ya sikukuu, kuomboleza.

Nilimsimulia mama habari hizi wakati anachambua maharage. Nilikuwa na sababu yangu, sitaficha. Amekuwa akisema anataka kujiandikisha kurudi Fizi, na mimi najua kutoka kwa wanaopita ziwani kwamba kwenye kijiji chetu nyumba zilizobaki na watu zinahesabika kwa vidole. Nilitaka hadithi ya Patuxet inisemee kile ninachoshindwa kumwambia mama yangu. Mkalimani naye hutafuta mkalimani.

Akasikiliza mpaka mwisho. Akaondoa kokoto mbili, akazitupa nje.

"Lakini alirudi," akasema.

"Mama, hakukuta mtu."

"Nimesikia. Na shamba alilikuta?"

Nikasema ndiyo, alilikuta.

Akaendelea kuchambua. Kisha akaniuliza huyo Tisquantum alikuwa na mke, na nani alimpikia siku alipofika. Sikuwa na jibu.

Simu ya yaya tunaisubiri tena mwezi wa 11. Mama ameshaniambia ninunue bando mapema. Safari hii anataka aongee na yule mzee wa Uvira.