Maji Mawili ya Songea: Imani Chini ya Kitanzi, 1906

Sisi wanafunzi wa fasihi tukitaja Vita vya Maji Maji, mara moja tunakimbilia *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein (1969). Tamthilia ile imetufundisha kuuliza swali zito: imani inamsaidia nini mnyonge anayekabiliana na bunduki? Lakini swali hilo tumezoea kuliuliza kuhusu maji ya Ngarambe tu. Katika makala haya nataka tuliulize pia kuhusu maji mengine, yaani maji ya ubatizo waliyopewa wafungwa wa Kingoni mjini Songea mwaka 1906, kabla ya kunyongwa.

Tuanze na historia kwa ufupi. Kinjikitile Ngwale alinyongwa na Wajerumani tarehe 4 Agosti 1905, lakini neno lake halikunyongeka. Mjumbe Omari Kinjala alilifikisha Ungoni, kwa Nkosi Chabruma wa Mshope na Nkosi Mputa Gama wa Njelu. Mapema mwezi Septemba, huko Namabengo, ilidhihirika kwamba risasi hazigeuki maji. Hapa pana jambo ambalo sisi wahakiki hulipita haraka mno: Wangoni hawakuacha vita siku ile. Waliendelea kupigana kwa vikundi na kwa kuvizia, miezi kadhaa, hali wanajua kabisa kwamba dawa haizuii risasi. Kwa hiyo kilichowasimamisha hakikuwa dawa peke yake.

Kwa upande wa pili, misheni ya Peramiho, iliyoanzishwa na Mbenediktini Cassian Spiss mwaka 1898, ilichomwa moto Septemba hiyo hiyo. Spiss mwenyewe, wakati huo akiwa askofu, alikuwa ameshauawa njiani tarehe 14 Agosti pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Padre Franziskus Leuthner wa Peramiho naye aliuawa. Lakini tusisimulie nusu ya hadithi. Padre huyu ndiye aliyekichoma kibanda cha mahoka cha Nkosi Mputa, mahali pa kuwaomba wahenga. Kwa Mputa, basi, msalaba ulifika na kiberiti.

Tarehe 27 Februari 1906 mashujaa wakanyongwa Songea, Mputa akiwamo. Kaburi la pamoja la mashujaa 67 lipo Mahenge, pale yalipo Makumbusho ya Maji Maji. Nduna Songea Mbano, ambaye mji unabeba jina lake, alinyongwa siku chache baadaye. Kabla ya siku hiyo Padre Johannes Häfliger alikwenda kuwahubiria wafungwa, na wengi wao wakabatizwa.

Tukio hili limesomwa kwa namna mbili. Usomaji wa kimisheni unasema: neema imeshinda, wapagani wamekufa Wakristo. Usomaji wa kizalendo unaona aibu kidogo na kunong'ona: masikini, walilainishwa na padre wa kabila moja na mnyongaji. Mimi naona kasoro moja katika usomaji wote wawili. Mfungwa anakuwa mtu wa kutendewa tu. Mmoja anamwona kaokolewa, mwingine anamwona kahadaiwa, na hakuna anayemuuliza mwenyewe aliamua nini.

Na kumuuliza si kazi rahisi, kwa sababu kalamu ilikuwa mkononi mwa padre. Tunachokijua kuhusu saa zile za mwisho kimetufikia zaidi kupitia maandishi ya wamisionari. Ndiyo maana tunapaswa kuwashukuru wanafunzi wenzetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ambao mwaka 1968 walikwenda vijijini kukusanya masimulizi ya wazee. Kutokana na kazi hiyo O. B. Mapunda na G. P. Mpangara walitoa kitabu chao kuhusu vita hivyo katika Ungoni, mwaka 1969, mwaka ule ule wa *Kinjeketile*.

Mwalimu mmoja anaweza kunipinga: uamuzi chini ya kitanzi ni uamuzi gani huo? Ni hoja nzito, na sitaki kuikwepa. Lakini tuangalie jambo moja la wazi. Ubatizo haukumwokoa mtu shingo. Aliyekubali maji na aliyeyakataa walikwenda kwenye kitanzi kile kile. Huenda wapo waliotumaini msamaha, msamaha haukuja. Sasa mtu huyu alikwisha kuona maji ya kwanza yakishindwa kuzuia risasi. Ati alipokee maji ya pili akidhani yatazuia kamba? Sidhani kama alikuwa mjinga kiasi hicho. Naamini alitafuta kitu kingine: namna ya kufa akiwa mtu mwenye jina, wala si mzoga wa mhalifu kama hukumu ilivyotaka. Aliyekataa naye alitafuta hicho hicho, kwa wahenga wake. Mimi nawaona wote wawili kuwa thabiti.

Hapa ndipo wanapokutana na Kinjeketile wa tamthilia. Yeye naye, mikononi mwa Wajerumani, anakataa kutamka kwamba maji yalikuwa uongo, ingawa anajua yameua watu wengi. Mwili umeshindwa, neno analishikilia kwa ajili ya watakaozaliwa.

Mimi nimekulia Mshangano, hapa hapa Songea. Bibi yangu, mtu wa rozari asubuhi na jioni, alikuwa akiniambia: "Wee mjukuu wangu, imani si mwavuli. Mvua itakunyeshea tu. Imani ni miguu ya kusimamia mvuani." Sijui kama aliwahi kumfikiria Kinjala aliposema vile, lakini huo ni uhakiki tosha wa maji yote mawili. Baada ya vita mvua ilinyesha kweli: Wajerumani walichoma vyakula na mashamba, njaa ikaua kuliko risasi, na makadirio ya baadhi ya wanahistoria kwa nchi nzima yanafika vifo 250,000 hadi 300,000. Katika nchi hiyo iliyofiwa, Peramiho ilijengwa upya, na wajukuu wa walionyongwa wakaufanya Ukristo kuwa wao, mpaka Hanga ikawa na abasia ya wamonaki Waafrika.

Je, Mkristo wa Songea awaheshimu mashujaa au amheshimu padre? Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alifika Songea akaomba msamaha. Kanisa kwetu lina deni kama hilo la kukumbuka: kibanda cha mahoka na kitanzi vyote vimo katika historia ya imani yetu. Imani inayoogopa kukumbuka hayo bado ni mwavuli. Wanafunzi wenzangu, anayeandika tamthilia asituandikie mtakatifu wala msaliti. Atuandikie mfungwa anayesikiliza mahubiri, anafikiri, kisha anajibu kwa sauti yake mwenyewe.