Majani ya njano kwenye kitalu nyumba: Jinsi ya kujua mmea unaumwa nini

Sumbawanga. Jani la nyanya likigeuka njano, wakulima wengi hukimbilia duka la pembejeo na kurudi na sumu. Shida ni kwamba njano siyo ugonjwa mmoja. Inaweza kuwa njaa, maji mengi, wadudu au kirusi, na kila tatizo lina tiba yake. Ukikosea, hela imeenda na mimea bado inakufa.

Mji wa Sumbawanga uko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Sehemu nyingi za uwanda wa Ufipa zina udongo wenye tindikali na virutubisho kidogo, halafu usiku wa Juni na Julai ni wa baridi kali. Kitalu nyumba, au grinihausi kama wengi wanavyoita, kinazuia mvua na upepo, lakini hakibadilishi udongo ulio chini yake.

Kabla ya kununua chochote, fuata hatua hizi.

1. Angalia njano imeanzia wapi

*Majani ya chini, jani zima limepauka:* Mara nyingi ni upungufu wa naitrojeni. Mmea ukikosa naitrojeni huitoa kwenye majani ya zamani na kuipeleka kwenye machanga. Weka mbolea ya kukuzia kidogo kidogo. Kwenye udongo wenye tindikali, CAN ni salama kuliko SA, kwa sababu SA huongeza tindikali.

*Majani ya chini, lakini mishipa bado ni kijani:* Huo ni upungufu wa magnesiamu, unaopatikana sana kwenye udongo wenye tindikali. Chumvi ya Epsom, gramu 10 kwa lita moja ya maji, hupuliziwa majanini jioni. Kwa msimu unaofuata, chokaa ya dolomiti hurekebisha udongo wenyewe.

*Kingo za majani ya chini zimekauka kama zimeungua:* Shuku potasiamu.

*Majani machanga ya juu, mishipa kijani:* Ni upungufu wa chuma. Mara nyingi chuma kipo, ila mizizi inashindwa kukichukua kwa sababu udongo umejaa maji, au mkulima amezidisha majivu na chokaa.

*Upande mmoja tu wa mmea:* Huenda ni mnyauko fusari. Kata shina karibu na ardhi. Ukiona rangi ya kahawia ndani, ng'oa mmea huo. Mbolea haitausaidia.

2. Geuza jani

Vidoti vidogo vya njano juu, na utando mwembamba chini ya jani, ni dalili ya utitiri mwekundu. Hupenda joto na ukavu, kwa hiyo huongezeka zaidi miezi ya Septemba na Oktoba.

Ukitikisa mmea wakaruka wadudu weupe wadogo, hao ni inzi weupe. Hao ndio hueneza kirusi ambacho wakulima wanakiita rasta: majani ya juu hujikunja kwenda juu, kingo huwa njano na mmea hudumaa. Rasta haina dawa. Ng'oa mmea, utie kwenye mfuko hapohapo, kauchome au uufukie mbali. Kisha ziba matundu ya neti na tundika mitego ya njano yenye gundi.

3. Shika udongo

Chimba kidogo karibu na mizizi, chukua udongo na ukamue. Maji yakichuruzika, umemwagilia kupita kiasi. Mizizi yenye afya ni myeupe. Ikiwa ya kahawia na inanuka, imeoza.

Kosa hili ni rahisi kufanyika wakati wa baridi. Mmea unakunywa maji kidogo, lakini mkulima anaendelea na ratiba ileile ya miezi ya joto.

4. Jiulize ulichanganya nini

Wafipa wana kilimo chao cha zamani cha intumba, ambapo nyasi hufukiwa kwenye matuta ili zioze na kurutubisha ardhi. Siri yake ni muda. Ukichanganya mabua, pumba au maranda mabichi kwenye udongo na kupanda mara moja, vijidudu vinavyoyaozesha vitatumia naitrojeni ya mmea wako, na majani yatageuka njano. Acha mboji iive kwanza.

Njano isiyo na tatizo

Majani machache ya chini kabisa, yaliyozeeka au kukosa mwanga, hugeuka njano yenyewe. Yakate na utoe nje ya kitalu.

Kabla ya kupuliza

Hesabu mimea iliyoathirika. Kitalu kizima kikipauka kwa pamoja, anza na udongo, maji na mbolea. Ukiona mmea mmoja leo na jirani yake wiki ijayo, shuku ugonjwa au wadudu.

Ukiwa bado huna uhakika, jaribu tiba kwenye mimea mitano tu na usubiri siku 7 hadi 10. Angalia majani mapya, kwa sababu yaliyokwisha kuwa njano huenda yasirudi kijani. Mpigie pia afisa ugani wa kata picha tatu: mmea mzima, jani juu na jani chini, umtumie. Kwa vipimo vya udongo, muulize kuhusu maabara kama ya TARI Uyole, Mbeya.

Ikibidi kupuliza sumu, soma kwenye lebo siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Nyanya hizo zinakwenda sokoni, na nyingine zinaliwa nyumbani kwako.