Mpagazi, Mkulima na Mabishano ya Mlimani

Je, wafuasi wa Marx wa leo wana haja gani na mabishano ya makundi ya miaka ya 1970? Jibu huonekana wazi zaidi swali likitolewa ukumbini na kupelekwa Ziba, wilayani Igunga, miongoni mwa wakulima wa pamba wa Mkoa wa Tabora.

Mwaka 1970 Issa Shivji alidai, katika jarida la wanafunzi la Cheche, kwamba tabaka la warasimu lilikuwa likijijenga ndani ya dola ya Ujamaa. Mwaka huohuo jarida hilo lilifungwa. Alipoipanua hoja yake kitabuni mwaka 1976, Dani Nabudere alimpinga: mtawala halisi ni mtaji wa fedha wa kibeberu, hivyo matabaka yote yanayoonewa nao hayana budi kuungana. Mabishano hayo, yaliyomgusa pia Mahmood Mamdani, yalikusanywa na Yash Tandon katika kitabu cha mwaka 1982.

Hayakuwa maneno matupu. Mwaka 1979, baada ya Idi Amin kung'olewa, Nabudere aliingia katika serikali ya muungano ya Uganda akiwa waziri. Muungano huo uligawanyika, na Mei 1980 wanajeshi wakashika madaraka.

Historia ya Tabora inaonyesha kwamba kila upande ulishika nusu ya ukweli. Katika karne ya 19 mpagazi wa Kinyamwezi alipeleka pembe pwani na kurejea na merikani. Bei ya pembe ilifuata masoko ya ng'ambo, na misafara iliendeshwa kwa mikopo ya matajiri wa Unguja. Lakini hongo ilitozwa na watemi wa njiani. Ndivyo ilivyokuwa kwa pamba pia. Bei yake ilitegemea soko la dunia, lakini vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976 na serikali ya nchi yenyewe.

Basi, lililopitwa na wakati ni shindano la nani alimwelewa Lenin kuliko mwenzake. Swali la nani anachukua jasho la mkulima, na kwa njia ipi, bado halijapitwa. Anayemwona beberu peke yake atamtaka mkulima wa Ziba aungane na anayemnyonya. Anayemwona mrasimu peke yake atamwacha apigane na karani, ilhali bei inapangwa kwingine.