Hukumu ya kesi ya Amadou Diallo na jinsi umma ulivyoipokea

MNAMO Februari 25, 2000, katika mahakama moja jijini Albany, jimbo la New York nchini Marekani, maneno "hana hatia" yalitamkwa mara 24.

Yalitamkwa na msemaji wa jopo la raia 12 lililokuwa limesikiliza kesi ya maafisa wanne wa polisi wa Jiji la New York. Wanne hao, Sean Carroll, Edward McMellon, Kenneth Boss na Richard Murphy, walikuwa wameshtakiwa kwa kumuua Amadou Diallo, kijana mhamiaji kutoka Guinea, Afrika Magharibi. Kila mmoja wao alikabiliwa na mashtaka sita, kuanzia mauaji ya kukusudia hadi kuhatarisha maisha ya watu wengine, na kila mmoja aliondolewa lawama katika yote sita.

Habari hizo zilipofika Jiji la New York, zaidi ya kilomita 200 kusini mwa Albany, wengi walihofia kurudiwa kwa yaliyotokea Los Angeles miaka minane awali. Huko, mnamo Aprili 1992, jopo lilikuwa limewaondolea lawama polisi walionaswa kwenye video wakimpiga Rodney King, na ghasia zilizofuata zikasababisha vifo vya watu zaidi ya 50.

New York haikuteketea. Hata hivyo, ukosefu wa moto haukumaanisha ukosefu wa hasira. Umma uliipinga hukumu hiyo kwa njia nyingine, na kuuliza swali ambalo jopo la Albany halikuwa limetakiwa kulijibu.

Risasi 41

Amadou Diallo alizaliwa Liberia mwaka wa 1975 katika familia ya Kiislamu yenye asili ya Guinea, na utoto wake ukapitia nchi kadhaa za Afrika na Asia. Alihamia New York mwaka wa 1996. Huko alijitafutia riziki kwa kuchuuza soksi, glavu na kanda za video kando ya barabara ya 14th Street, katikati ya Manhattan.

Usiku wa kuamkia Februari 4, 1999, mwendo wa saa sita na dakika 40, Diallo alikuwa amesimama mlangoni pa jumba alimokuwa akiishi katika barabara ya Wheeler Avenue, mtaani Bronx. Maafisa wanne waliovalia kiraia, wa kikosi maalumu cha kupambana na uhalifu mitaani, walipita hapo kwa gari. Walisema baadaye kuwa walimshuku kwa sababu alifanana na mbakaji aliyekuwa akisakwa katika eneo hilo.

Kwa mujibu wa ushahidi wao, walijitambulisha na kumwamuru asimame, naye akarudi ndani ya ukumbi wa mlango huku akitia mkono mfukoni. Alipotoa kitu cheusi, afisa mmoja alipaza sauti kwamba ni bastola. Mwenzake alianguka kinyumenyume kwenye ngazi, na wengine wakadhani amepigwa risasi.

Kwa sekunde chache maafisa hao walifyatua risasi 41. Wawili kati yao walimaliza risasi zote 16 zilizokuwa katika bastola zao. Risasi 19 zilimpata Diallo, akafariki papo hapo akiwa na umri wa miaka 23.

Hakuwa na silaha wala rekodi ya uhalifu. Kitu alichokuwa amekitoa mfukoni kilikuwa pochi.

Mauaji hayo yalitokea katika jiji ambalo tayari lilikuwa na donda. Mnamo Agosti 1997 mhamiaji kutoka Haiti, Abner Louima, alikuwa ameteswa kinyama ndani ya kituo cha polisi mtaani Brooklyn. Aidha, vijana weusi na wale wenye asili ya Amerika ya Kusini walikuwa wakilalamika kwamba walisimamishwa na kupekuliwa ovyo barabarani.

Lalamiko hilo halikuwa la uvumi. Ripoti iliyotolewa Desemba 1999 na Mkuu wa Sheria wa jimbo, Eliot Spitzer, ilichunguza takriban visa 175,000 vya watu kusimamishwa na polisi. Ilibainika kuwa watu weusi, ambao walikuwa robo tu ya wakazi wa jiji, walikuwa nusu ya waliosimamishwa.

Ndiyo maana maandamano yalianza kabla ya kesi yenyewe. Kwa majuma kadhaa mwezi Machi 1999, wakiongozwa na Kasisi Al Sharpton, watu walifika kila siku mbele ya makao makuu ya polisi, wakaketi mlangoni na kukubali kutiwa pingu. Zaidi ya watu 1,000 walikamatwa, miongoni mwao aliyekuwa meya wa kwanza mweusi wa jiji hilo, David Dinkins, mbunge Charles Rangel na mwigizaji Susan Sarandon. Kufikia mwisho wa mwezi huo, maafisa wanne walikuwa wamefunguliwa mashtaka ya mauaji.

Swali la jopo

Kwa msomaji wa Kenya, utaratibu uliofuata unahitaji kuelezwa. Humu nchini, kesi ya mauaji huamuliwa na jaji wa Mahakama Kuu, ambaye sheria humtaka aandike sababu za uamuzi wake. Nchini Marekani uamuzi wa hatia hutolewa na raia 12 wasio wanasheria, wanaojadiliana faraghani hadi wakubaliane wote. Jaji huwafafanulia sheria, lakini wao hawaandiki sababu. Hutoa jibu tu: ana hatia au hana.

Mnamo Desemba 1999 mahakama ya rufaa iliamua kesi iondolewe Bronx na kupelekwa Albany, kwa hoja kwamba habari nyingi zilizokuwa zimechapishwa zingewanyima washtakiwa haki. Wakazi wengi wa Bronx ni weusi au wenye asili ya Amerika ya Kusini, ilhali wale wa Albany wengi ni weupe. Kwa waandamanaji, hukumu ilikuwa imeanza kutabirika siku hiyo. Hata hivyo, jopo lililoteuliwa halikuwa la weupe watupu: wanawake wanne kati ya wale 12 walikuwa weusi.

Hakukuwa na video. Waliokuwa karibu zaidi na Diallo katika sekunde zake za mwisho walikuwa washtakiwa wenyewe, na mahakamani walieleza hofu waliyokuwa nayo. Carroll alitokwa na machozi alipokuwa akisimulia jinsi alivyogundua kwamba kitu kile kilikuwa pochi. Mawakili wao walishikilia kuwa lililotokea lilikuwa janga, si uhalifu.

Sheria ya New York inamruhusu mtu kutumia nguvu za kuua iwapo anaamini, kwa misingi ya busara, kwamba maisha yake au ya mwenzake yamo hatarini. Si lazima imani hiyo iwe ya kweli. Mzigo wa kuthibitisha, bila kuacha shaka ya maana, kwamba haikuwa na msingi uliwaelemea waendesha mashtaka.

Hivyo basi, swali lililowekwa mbele ya jopo lilikuwa finyu: je, imethibitishwa kwamba maafisa hawa hawakuwa na sababu ya kuogopa katika sekunde zile chache? Wanajopo walijadiliana kwa siku tatu, kisha wakajibu kuwa haijathibitishwa.

Swali la umma

Nje ya mahakama, swali lilikuwa jingine. Watu hawakuuliza kama polisi waliogopa. Waliuliza kwa nini mtu aliyesimama mlangoni pake, asiye na kosa, alionekana wa kuogopwa tangu mwanzo. Waliuliza pia iwapo kijana mweupe mwenye pochi katika mtaa wa weupe angepigwa risasi 41.

Kwa kuwa jopo halikuandika sababu, kila upande uliisoma hukumu kwa namna yake. Wapo walioisoma kuwa sheria imefuatwa ijapokuwa moyo unauma. Wengine waliisoma kuwa uhai wa mtu mweusi hauna bei mbele ya hofu ya polisi.

Siku iliyofuata, Jumamosi, maelfu ya watu walijitokeza Manhattan na kuandamana kupitia barabara ya Fifth Avenue. Hawakubeba mawe. Wengi waliinua pochi zao juu ili polisi waliopanga foleni kando ya barabara wazione vizuri. Wengine walihesabu kwa sauti moja, kuanzia moja hadi 41. Makumi ya watu walikamatwa, lakini duka halikuchomwa na mtu hakuuawa.

Utulivu huo ulichangiwa pakubwa na wazazi wa marehemu, Kadiatou na Saikou Diallo. Mama huyo, ambaye mwaka mmoja awali alikuwa amemzika mwanawe nchini Guinea, aliwaomba watu watulie na wamwombee. Sharpton naye alisisitiza kwamba ghasia zingeichafua kumbukumbu ya kijana huyo, akaitaka serikali ya kitaifa iwashtaki maafisa hao kwa kukiuka haki za kiraia.

Kwa upande wa pili, Meya Rudolph Giuliani alizipa pole familia zote, ya Diallo na za maafisa, akawataka wananchi waiheshimu kazi ya jopo. Wapo wakazi waliokubaliana naye, wakikumbusha kwamba uhalifu ulikuwa umepungua sana jijini na kwamba polisi hulazimika kuamua kufumba na kufumbua.

Mjadala ulifika hadi Ikulu ya White House. Mapema Machi 2000 Rais Bill Clinton alisema kwamba Wamarekani wengi wa rangi zote waliamini huenda tukio hilo lisingetokea kama kijana huyo angekuwa mweupe katika mtaa wa weupe. Mwezi Juni mwanamuziki Bruce Springsteen aliimba kwa mara ya kwanza wimbo uliotaja risasi hizo 41, na chama cha polisi wa New York kikawataka wanachama wake wasusie maonyesho yake.

Kabla ya hasira kupoa, Machi 16, 2000, majuma matatu tu baada ya hukumu, kijana mwingine mweusi asiye na silaha, Patrick Dorismond, aliuawa kwa risasi na afisa wa polisi aliyevalia kiraia. Maandamano yakaanza upya, na safari hii mazishi yalikumbwa na makabiliano kati ya waombolezaji na polisi.

Yaliyofuata

Matumaini ya kesi ya pili yalizimika mnamo Januari 2001, Wizara ya Haki ya Marekani ilipotangaza kwamba haitawashtaki maafisa hao. Miezi michache baadaye, idara ya polisi nayo iliamua kutowaadhibu. Mmoja wao alirejeshewa bastola yake mwaka wa 2012 na kupandishwa cheo kuwa sajini mwaka wa 2015, hatua zilizoibua uchungu upya kwa familia.

Katika kesi ya madai, wazazi walikuwa wameitaka serikali ya jiji iwalipe fidia ya dola milioni 61. Kati ya hizo, dola milioni 41 zilikuwa milioni moja kwa kila risasi. Kesi hiyo ilimalizwa nje ya mahakama mwaka wa 2004 kwa dola milioni 3.

Hata hivyo, shinikizo la umma halikupotea bure. Kikosi kilichohusika kilivunjwa mwaka wa 2002. Kesi iliyofunguliwa Machi 1999, majuma machache baada ya mauaji, kupinga upekuzi wa kibaguzi, ilimalizika kwa maafikiano mwaka wa 2003, ambapo jiji lilikubali kupiga marufuku kumshuku mtu kwa rangi yake na kutoa takwimu za watu wanaosimamishwa.

Takwimu hizo zilionyesha kuwa mwenendo haukubadilika. Mwaka wa 2008 kesi nyingine ikafunguliwa, na mnamo Agosti 2013 Jaji Shira Scheindlin akaamua kwamba polisi wa New York walikuwa wakivunja katiba ya nchi kwa jinsi walivyowasimamisha na kuwapekua watu weusi na wenye asili ya Amerika ya Kusini. Uamuzi huo haukuwa wa neno moja. Ulikuwa wa karibu kurasa 200, wenye sababu zilizoandikwa moja baada ya nyingine.

Hakuna afisa aliyefungwa gerezani kwa sababu ya kifo cha Diallo. Lakini swali la waandamanaji wa mwaka wa 2000, kwamba ni nani anayeshukiwa na kwa nini, lilipata jibu la mahakama miaka 13 baada ya hukumu ya Albany.

Kadiatou Diallo alisimulia maisha ya mwanawe katika kitabu alichokitoa mwaka wa 2003. Baadaye alianzisha wakfu wenye jina la Amadou, ambao husaidia vijana kugharamia masomo.