Rimu za spoti zilitoka wapi, na kwa nini mama aulize kabla ya kulipia

SEHEMU YA 1: SWALI LENYEWE

Chanjo tumemaliza. Leo tunatoka kliniki tunaingia barabarani, maana mtoto akishachanjwa anarudishwa nyumbani kwa gari, na hilo gari nalo ni sehemu ya afya yake.

Swali linakuja hivi. Familia imejinyima miaka kadhaa, sasa inanunua sedani mpya kabisa. Muuzaji anatoa karatasi. Gari linakuja na rimu za chuma za inchi 15 zenye vifuniko vya plastiki. Ukiongeza pesa unapata rimu za aloi, zile tunazoita rimu za spoti, inchi 16. Ukiongeza tena unapata inchi 18. Baba anaangalia picha, mama anaangalia bei, na hapo ndipo maneno yanapoanza.

Nani yuko sahihi? Mimi naona tusianze na bei wala picha. Tuanze na historia, kwa sababu rimu hizi zilizaliwa kwa kazi moja, na leo zinauzwa kwa kazi nyingine kabisa. Ukishaijua hiyo kazi ya kwanza, karatasi ya muuzaji utaisoma kwa macho tofauti.

SEHEMU YA 2: MBAO, CHUMA, KISHA ALUMINI

Gari za mwanzo zilitembelea magurudumu ya mbao kama mikokoteni. Ford Model T, gari lililowafanya Wamarekani wa kawaida wamiliki gari, lilipoanza kuuzwa mwaka 1908 lilikuwa na spoki za mbao. Baadaye zikaja spoki za waya kama za baiskeli, na rimu za bati la chuma lililokandamizwa kwa mashine. Hizo za chuma ni rahisi kutengeneza, ni imara, ila ni nzito.

Sasa, kwa nini uzito wa gurudumu uwe shida? Chukulia hivi. Una mtoto wa kilo nane mgongoni, umemfunga vizuri na khanga. Unatembea, unafika. Sasa mshushe mtoto, halafu vaa gambuti zilizojaa matope, kila mguu kilo mbili tu. Jumla ni kilo nne, nusu ya mtoto, lakini hatua mia moja hazifiki umeshachoka. Uzito wa mguuni unaunyanyua upya kila hatua.

Gari nalo ni hivyohivyo. Mwili wa gari umekaa juu ya springi na shokapu, ndio mtoto mgongoni. Magurudumu yako chini ya springi, ndio gambuti. Gurudumu zito likipiga tuta linaruka na kuchelewa kurudi chini, na tairi ambalo haliko chini halishiki barabara, halifungi breki, halikati kona.

Hilo Ettore Bugatti alilijua. Kiwanda chake kilikuwa Molsheim, kule Alsace, Ufaransa. Agosti 1924, kwenye mashindano ya Lyon, alileta gari jipya, Type 35, lenye rimu za alumini zilizomiminwa kwenye kalibu, spoki nane bapa, na dramu ya breki imeungana na rimu yenyewe. Faida zilikuwa mbili kwa mpigo: wepesi, na breki kupoa haraka, kwa sababu alumini inasambaza joto vizuri kuliko chuma. Mnaijua hiyo jikoni, sufuria ya alumini inavyowahi kushika moto. Tena ukivua gurudumu, breki zote ziko wazi mbele yako, unazikagua palepale.

Siku ile ya Lyon hakushinda. Matairi yalikuwa yanabanduka ngozi ya juu. Lakini wazo lilibaki, na gari za Bugatti zikaja kushinda mashindano ya Targa Florio, kwenye barabara mbaya za milima ya Sicily, miaka mitano mfululizo, 1925 hadi 1929.

Tushike neno moja hapa: WEPESI. Uzuri ulikuja wenyewe baadaye.

SEHEMU YA 3: MADINI YALIYOWAKA

Baada ya Vita Kuu ya Pili, fundi wa California aitwaye Ted Halibrand alianza kutengenezea gari za mashindano rimu za magnesi. Magnesi ni nyepesi kuliko hata alumini, kama theluthi mbili tu ya uzito wake. Gari za Indianapolis zilizitumia sana, na mpaka leo Mmarekani wa kawaida huita rimu ya spoti "mag," hata kama haina magnesi hata chembe.

Basi kwa nini gari la familia halina rimu za magnesi? Kwanza inaliwa na chumvi na unyevu haraka. Pili, ikishika moto, ni balaa. Tarehe 11 Juni 1955, kwenye mashindano ya Le Mans, Ufaransa, gari la Mercedes lililoundwa kwa bodi ya aloi ya magnesi liliruka na kulipuka kando ya watazamaji. Zaidi ya watu 80 walikufa, dereva wake Pierre Levegh akiwemo. Waokoaji walimwaga maji, na maji yakauzidisha moto, kwa sababu magnesi inayowaka inagombana na maji. Ile ilikuwa bodi, si rimu, lakini madini ni ya ukoo uleule.

Kwa hiyo gari za barabarani zikabaki na alumini iliyochanganywa na silikoni na vitu vingine kidogo ili iwe ngumu. Huo mchanganyiko ndio aloi. Ukisikia "aloi" usidhani ni madini ya ajabu. Ni ndugu wa sufuria yako, ila amesoma zaidi.

SEHEMU YA 4: ZINAINGIA KWENYE KARATASI YA MUUZAJI

Mwaka 1960 Pontiac ya Marekani iliweka kwenye orodha ya nyongeza magurudumu yenye nati nane, katikati kuna dramu kubwa ya alumini yenye mapezi. Hapa sasa hatuzungumzii gari za mashindano. Ni gari kubwa za familia, sedani zikiwemo. Mapezi yale yalikuwa mazuri, lakini kazi yake ilikuwa kupoza breki za gari zito.

Mwaka 1963 Chevrolet nayo ikatangaza rimu za alumini kwa Corvette mpya, gari la watu wawili. Tatizo likajitokeza: zilivuja upepo! Alumini ikimiminwa vibaya inabaki na vitundu vidogo ndani, kama mkate uliojaa hewa, na upepo unapenya. Wateja wengi wakabidi wasubiri mpaka 1964.

Rimu za aina ile zilifungwa kwa nati moja kubwa katikati yenye masikio, unaigonga kwa nyundo inafunguka. Masikio yale yalichomoza nje, na gari likipita karibu na mtembea kwa miguu au mwendesha baiskeli, mnaweza kufikiria. Sheria ya usalama ya Marekani ikayakataza kuanzia 1968. Mimi kama nesi hiyo sheria naipenda, kwa sababu iliwafikiria walioko NJE ya gari, na mara nyingi hao ni watoto.

Ujerumani, mwaka 1966, Porsche walitoa 911 S na rimu zilizotengenezwa na kampuni ya Otto Fuchs. Hizi hazikumiminwa, zilifuliwa. Tofauti ni hii: kumimina ni kama uji kwenye kikombe, unapoa na umbo lake. Kufua ni kama unga wa chapati, unaukanda na kuukandamiza mpaka ushikane. Rimu iliyofuliwa inaweza kuwa nyembamba na nyepesi na bado ikawa na nguvu. Ni ghali, ndiyo maana rimu nyingi za kiwandani leo zimemiminwa, kwa njia bora kuliko ile ya 1963.

Mpaka hapa kila hatua ina sababu: wepesi, breki kupoa, nguvu. Sasa tuone zilivyogeuka.

SEHEMU YA 5: KUTOKA WEPESI KWENDA UKUBWA

Kadiri rimu za aloi zilivyoenea, kuwa nazo tu hakukuonyesha tena kuwa gari ni la bei. Kila mtu anazo. Ikabaki njia moja ya kuonekana: ukubwa. Inchi 13 zikawa 15, zikawa 17, zikawa 19.

Hebu tuchukue gari ambalo kila mtu hapa analijua, Toyota Corolla. Ile ya mwaka 2020 kwa soko la Marekani, toleo la chini lilitoka na matairi 195/65R15, la kati 205/55R16, na la kispoti 225/40R18. Namba hizi ziko ubavuni mwa tairi, tuzisome pamoja kama tunavyosoma kadi ya kliniki.

Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni urefu wa ubavu wa tairi, kwa asilimia ya huo upana. Ya mwisho ni rimu kwa inchi. Kwa hiyo:

195/65R15: ubavu ni milimita 127 hivi.
205/55R16: ubavu ni milimita 113 hivi.
225/40R18: ubavu ni milimita 90 tu.

Sasa pima urefu wa gurudumu zima, kuanzia chini hadi juu. Yote matatu yanakaribia sentimita 63 au 64. Yaani gurudumu halikukua! Kilichokua ni chuma, na kilichopungua ni mpira na upepo. Ule upepo ndio mto unaomkinga mtoto na shimo, na ndio unaoikinga rimu yenyewe. Umelipa zaidi ukapunguziwa mto.

Na ule wepesi wa Bugatti? Mara nyingi umeshapotea. Rimu ya aloi ya inchi 18 na tairi lake pana inaweza kulingana au kuizidi uzito ile ya chuma ya inchi 15 na tairi lake. Gambuti zimerudi, ila safari hii zinang'aa.

Kwenye gari za umeme hesabu inaonekana waziwazi. Hyundai Ioniq 6, sedani ya umeme, mwaka wa kwanza Marekani, 2023: toleo la betri kubwa na rimu za inchi 18 lilipimwa kwenda maili 361 kwa chaji moja, kama kilomita 580. Matoleo ya juu yenye betri ileile na mota ileile, rimu za inchi 20: maili 305, kama kilomita 490. Kilomita 90 zimeondoka, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo iko kwenye magurudumu. Kwenye gari la petroli hupewi namba kavu kama hii, unaisikia kidogokidogo sheli.

SEHEMU YA 6: BASI TUCHAGUE NINI?

Sisemi aloi ni mbaya. Ninasema chagua kwa ile kazi ya kwanza.

Moja. Kama aloi inapatikana kwa saizi ndogo, inchi 15 au 16, na bajeti inaruhusu, hiyo ndiyo karibu zaidi na wazo la mwanzo. Ukibaki na chuma, hujakosea wala hujamnyima mtoto kitu. Chuma kikipiga shimo kinapinda na fundi anakinyoosha. Aloi ikipigwa sana inapasuka ufa. Mimi nisingempakia mtoto juu ya rimu iliyochomelewa ufa, hata fundi aape.

Mbili. Uliza bei ya TAIRI, si ya rimu tu. Tairi la inchi 18 kwa kawaida ni ghali zaidi, na ukiwa mkoani unaweza kuzunguka maduka yote usilipate. Rimu unalipia mara moja, matairi utayanunua tena na tena.

Tatu. Fungua buti, angalia spea. Ni saizi moja na mengine? Kuna spea kweli, au kopo la dawa ya kuziba pancha? Nati nazo: za rimu za chuma na za aloi hazifanani siku zote, na nati isiyokaa sawasawa hulegea. Muulize muuzaji mbele ya baba, asikie na yeye.

Nne. Tairi lenye ubavu mfupi likipungua upepo huwezi kuona kwa macho kirahisi. Pima kwa geji, angalau mara moja kwa mwezi na kabla ya safari ndefu.

Tano. Wale wa gari la mtumba kutoka Japani, tafuta herufi JWL zilizochongwa kwenye rimu. Ni alama ya kiwango cha Japani kwa rimu za aloi nyepesi. Isipokuwepo, uliza maswali zaidi. Na rimu inayopoteza upepo polepole bila pancha, usiishie kujaza tu kila wiki. Ivuliwe ikaguliwe ufa na kutu ya ukingoni.

Sita, na hii ndiyo iliyonifanya niandike yote haya. Chukua ile pesa ya kutoka inchi 16 kwenda 18, iweke mezani. Halafu uliza bei ya kiti cha mtoto cha gari kinacholingana na uzito wake. Familia nyingi hulipia rimu, halafu mtoto anasafiri mapajani. Mapaja hayazuii kitu, mama zangu. Gari likisimama ghafla mikono yako haiwezi kumshika, hata umpende vipi. Shirika la Afya Duniani liko wazi kwamba kiti sahihi kinapunguza sana vifo vya watoto kwenye ajali. Kama pesa inatosha kimoja tu, nunua kiti.

Sehemu inayofuata tutaongea hivyo viti: aina zake, mtoto wa uzito gani anakaa kipi, na kwa nini mdogo anatakiwa aangalie nyuma. Andikeni hapo chini umri na uzito wa watoto wenu, nitaanza na walio wengi.